Damu ya Waliopona

Mwaka jana, wakati wa mvua, tuliombwa damu nasi tukakataa. Twaanza na neno hili ili msije mkadhani ya kuwa anayesema nanyi hapa ni mtu hodari.

Sisi ni katekista wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, mkabala na mji wa Kisangani. Tulisoma seminari miaka kadhaa, kisha tukaoa, tukapewa kazi ya kufundisha dini. Usiku mmoja mama kijana wa shirika letu alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alikuwa mzima, akalia kwa nguvu. Lakini mama mwenyewe damu ilimtoka isikome. Wakamlaza katika mtumbwi, wakavuka naye gizani, wakamfikisha hospitali ya mjini. Kulipopambazuka baba mkwe wake akaja kwetu, akapiga hodi.

"Mwalimu," akasema, "waganga wanataka damu. Mume wake wamempima, damu yao haipatani. Twende nawe ukapimwe."

Tukavuka naye. Tukapimwa, ikaonekana ya kuwa damu yetu yafaa. Hapo ndipo moyo ulipotuanguka. Tangu utoto tumesikia maneno mengi: kwamba damu hospitalini huuzwa, kwamba mwanamume akiitoa hupungukiwa nguvu asizipate tena, kwamba sindano ikiisha kuingia huwezi kujua imeacha nini ndani. Mbele ya watu tulikuwa tukiyacheka maneno hayo. Lakini tulipouona ule mfuko mtupu umelala juu ya meza tukasema tunajisikia homa kidogo, tutarudi kesho. Homa hatukuwa nayo. Tukashuka bandarini, tukapanda mtumbwi, tukarudi nyumbani.

Aliyetoa damu ni kijana wa toleka. Alikuwa amempakia shangazi ya mgonjwa kutoka bandarini kwa baiskeli yake, naye alikuwa bado mlangoni akingoja nauli. Mtu mmoja akamwuliza kwa mzaha kama yeye haogopi sindano. Akaegemeza baiskeli ukutani, akaingia, akapimwa, akatoa. Mama yule alipona. Kijana mwenyewe si wa Kanisa letu, wala si mtu wa kusali sana popote, kama tulivyosikia.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tukifundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, na tulipofika kwenye maneno ya kikombe sauti ikatukwama. Watoto wakadhani tumesahau. Jumatatu tukavuka mto tena, hakuna aliyetuita, tukajitolea. Muuguzi alipochomoa sindano akatupa kipande cha pamba, akasema, "Bonyeza hapa, Papa, mpaka ikome." Tukabonyeza. Baada ya dakika chache tukaondoa pamba. Tundu lilikuwa limefunga, pamebaki alama ndogo kama ya kuumwa na mbu. Muuguzi akaitazama, akasema neno ambalo ndilo lililotufanya tuandike habari hii. Alisema ya kuwa mwaka 2019 alifanya kazi Mangina, kule Kivu ya Kaskazini, wakati wa Ebola, naye aliwaona watu ambao tundu dogo kama lile halikufunga. Tena akasema ya kuwa mtu wa kwanza wa nchi yetu kuliona jambo hilo kwa macho ya mganga alikuwa Profesa Muyembe, naye aliliona kwa mikono mitupu.

Jina la Muyembe tulilijua kwa redio tu. Tukaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Jean-Jacques Muyembe Tamfum alizaliwa mwaka 1942 katika Bandundu, wazazi wake wakulima. Alisoma katika shule za Wajesuiti, kisha akajifunza uganga katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kile ambacho Wakatoliki walikianzisha Kinshasa mwaka 1954. Alimaliza 1969, akaenda Leuven, Ubelgiji, kuchunguza virusi, akapata udaktari wake wa elimu hiyo mwaka 1973. Angeweza kukaa Ulaya kama wengine. Alirudi.

Septemba 1976 serikali ikamtuma Yambuku. Yambuku ni misheni iliyo kaskazini ya Bumba. Mtu anayeshuka na mto kutoka kwetu Kisangani hufika Bumba kwanza, kisha huiacha meli na kwenda kwa barabara ya msituni. Huko hospitali ya misheni ilikuwa imejaa vifo, na hakuna aliyejua ugonjwa gani. Muyembe alidhani labda ni homa ya matumbo, au homa ya manjano. Akaanza kuwatoa wagonjwa damu ili ipimwe. Mipira ya mikono hakuwa nayo. Kila alipochomoa sindano damu iliendelea kutiririka, ikamlowesha vidole na viganja. Hajawahi kuona jambo kama hilo. Akanawa kwa sabuni na maji, akaendelea na mgonjwa mwingine. Wauguzi waliokufa aliwatoa vipande vidogo vya ini kwa sindano ndefu, vilevile mikono mitupu. Baadaye yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi ya kuwa sabuni ile ndiyo iliyomwokoa. Sisi twaongeza kwamba Mungu alikuwa na kazi naye bado, lakini hilo ni letu, halimo katika vitabu vya uganga.

Tumetaka kujua kwa nini damu haikukoma. Msomaji atuvumilie kidogo, maana jambo hili ni la ajabu.

Kila mtu wa Kisangani amewaona Wagenia pale maporomokoni: miti mirefu imesimikwa kati ya mawe, na vikapu vikubwa vimefungwa humo kwa kamba za msituni, maji yapite na samaki wabaki. Damu nayo ina wavuvi wake. Humo ndani mnaogelea vipande vidogo mno viitwavyo chembe sahani. Mshipa ukipasuka, chembe hizo hukimbilia mahali penye tundu na kushikamana. Kisha damu yenyewe husuka nyuzi nyembamba juu yake, mfano wa wavu, na wavu huo hunasa chembe nyekundu mpaka tundu limezibwa. Nyuzi hufanywa kwa kitu kinachoitwa fibrinojeni, nacho pamoja na vifaa vingine vingi vya kazi hiyo hutengenezwa katika ini. Kazi yote huamshwa na ishara maalumu. Ishara hiyo kwa kawaida hukaa nje ya njia ya damu, ili damu isikutane nayo ila mwili ukijeruhiwa.

Virusi vya Ebola huingia katika baadhi ya chembe nyeupe, yaani askari wa mwili, na askari hao walioshikwa huanza kuonyesha ishara ileile ya jeraha. Jeraha hakuna, lakini wavuvi wamekwisha kuitwa. Nyavu husukwa katika maelfu ya vijishipa ambamo hapakuwa na haja ya wavu wowote. Viungo hukosa damu, chembe sahani hutumika, nyuzi hutumika, na ini lenyewe ni gonjwa, haliwezi kutengeneza nyingine. Hapo mganga akichoma sindano hakuna wavu uliobaki wa kuziba tundu lake. Damu haigandi mahali pa haja kwa sababu imekwisha kuganda mahali pasipo haja. Wanasayansi walilihakikisha jambo hili kwa namna ambayo mtu asiyesoma angeiita wazimu: mwaka 2003 walitangaza ya kuwa waliwapa kima 9 wenye Ebola dawa ya kuzuia damu isigande, dawa iliyofanywa kwa mfano wa kitu kilichomo katika mnyoo wa mbwa, na 3 wakapona, hali ugonjwa huo huwaua kima karibu wote. Wagonjwa watokwao damu kupewa dawa ya kuzuia kuganda! Tena yafaa kusema ya kuwa si kila mgonjwa wa Ebola hutoka damu kwa wazi. Wengi hufa bila kutoka hata tone.

Turudi Yambuku, maana liko neno ambalo tulipolisoma mara ya kwanza tulitaka kuliruka. Hospitali ile ilijengwa na wamisionari mwaka 1935. Mwaka 1976 ilikuwa na vitanda 120 na wafanyakazi 17, na kila mwezi ilihudumia watu kati ya 6000 na 12,000. Daktari hapakuwa, palikuwa na msaidizi mmoja wa uganga, watawa waliojua uuguzi na ukunga, na wasaidizi wao. Kila asubuhi zilitolewa sindano 5 kwa kazi ya siku nzima. Baada ya kumchoma mgonjwa mmoja sindano ilisuuzwa katika chombo cha maji ya moto kidogo, ikamchoma mwingine. Jioni mara nyingine zilichemshwa.

Mwishoni mwa Agosti mwalimu mmoja wa shule ya misheni alikuja na homa, akachomwa dawa ya malaria. Katika wiki zilizofuata walishikwa watu 318, wakafa 280. Wafanyakazi wa hospitali 11 kati ya 17 walikufa. Wale ambao ugonjwa uliwaingia kwa sindano hakupona hata mmoja. Akina mama wengi waliokufa walikuwa wajawazito waliokuja kupimwa mimba, kwa maana huko nako sindano zilitumika. Watu wa vijijini walianza kuikimbia hospitali, na hospitali ilipofungwa tarehe 30 Septemba ndipo ugonjwa ulipoanza kupungua.

Sisi twaona vibaya sana kulisema hili katika gazeti la misheni. Masista wale waliacha kwao, wakawatumikia watu waliokuwa hawana mwingine, wakabaki na wagonjwa mpaka wakaugua, wakafa pamoja nao. Upendo wao hatuwezi kuutilia shaka. Lakini sindano haiulizi kama aliyeishika ana upendo. Wale waliokimbia msituni siku hizo hawakuwa wajinga kama wengine walivyosema. Waliona sawasawa ya kuwa anayechomwa hufa, ingawa sababu yake hawakuijua. Tangu tuliposoma haya hatuwacheki tena watu wa Lubunga wanaoogopa sindano. Twawaonyesha sindano mpya katika karatasi yake, haijafunguliwa, nao wajifungulie wenyewe.

Mtawa mmoja mgonjwa Muyembe alimshawishi wasafiri pamoja mpaka Kinshasa, akafia huko. Damu yake ilipelekwa Antwerp ndani ya chupa ya chai, ile ya kutunza joto, nayo ilikuwa na barafu, na kichupa kimoja kikavunjika njiani. Kutoka Ubelgiji ikapelekwa Marekani, na virusi vipya vikajulikana, vikapewa jina la mto Ebola. Kwa miaka mingi habari hii ilisimuliwa kana kwamba inaanzia Ulaya, chupa ilipofunguliwa, na mtu aliyeloweshwa na damu kule Yambuku alitajwa kwa mstari mmoja, au hakutajwa. Haya nayo tumeyaona vibaya, wala hatuoni haja ya kuficha.

Mwaka 1995 Ebola ikaingia Kikwit, katika nchi ya nyumbani kwake Muyembe. Huko walishikwa watu 315, na katika kila watu 10 walikufa karibu 8. Masista sita wa Bergamo, wale Waitalia waitwao Poverelle, walikufa mmoja baada ya mwingine wakihudumia wagonjwa. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliwatangaza kuwa Wenye Heshima, na pengine baadhi yenu mmekwisha kusali kwa maombezi yao.

Ugonjwa ulipokuwa ukielekea kwisha, Muyembe na waganga wenzake wakafikiri hivi: mtu aliyepona Ebola mwili wake umejifunza kupigana nayo. Katika damu yake mna kingamwili, yaani silaha ndogo ambazo mwili huzifua kwa kufuata umbo la adui mmoja, zikamshika huyo asiweze kuingia tena. Kwa nini silaha za aliyepona zisimsaidie anayekufa? Waganga waliotoka ng'ambo hawakulipenda wazo hilo, wakiogopa hatari ya kuhamisha damu wakati kama ule. Wakongo wakafanya. Watu 5 waliopona walitoa damu, wagonjwa 8 wakapewa, wakapona 7.

Wenye kushuku walisema, na walikuwa na haki ya kusema, ya kuwa 8 ni wachache mno. Kwamba wagonjwa hao walipata uangalizi mzuri kuliko wa mwanzo. Kwamba baadhi yao walikuwa wamekwisha kupita siku za hatari kubwa. Jambo likabaki hivyo. Muyembe hakugombana sana. Alingoja, akaendelea kufuata milipuko mmoja mmoja, na tangu 1998 akaongoza ile taasisi ya Kinshasa ichunguzayo magonjwa, iitwayo INRB. Kungoja kwenyewe kulikuwa kwa miaka zaidi ya 20. Sisi tuliokata tamaa kwa kuona mfuko mtupu tunashindwa kuelewa subira ya namna hiyo.

Mwaka 2006, miaka 11 baada ya kupona, mtu mmoja wa Kikwit alitoa damu tena. Humo, wanasayansi wa Marekani wakishirikiana na Muyembe na watu wake, ilitolewa kingamwili moja yenye nguvu, wakaiita mAb114. Hebu fikirini: miaka 11, na mwili wake ulikuwa bado unazitunza silaha. Tena si huyo tu. Watu 14 waliopona katika mlipuko wa 1976 walipimwa baada ya miaka 40, na damu yao wote ilikuwa bado inamkumbuka adui yule.

Agosti 2018 Ebola ikatokea Kivu ya Kaskazini, ikaingia Ituri, na sisi wa Kisangani tukaanza kuitazama barabara ya Mambasa kwa hofu, kwa kuwa mwaka uliotangulia ilikuwa imetokea Likati, katika Bas-Uélé, jirani zetu wa kaskazini. Kule Kivu palikuwa na vita, na uvumi mbaya kuliko vita. Vituo vya wagonjwa Katwa na Butembo vilichomwa moto. Aprili 2019 daktari mmoja aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali Butembo. Watu walisema ugonjwa umeletwa kwa ajili ya fedha, au kwa ajili ya uchaguzi. Julai 2019 rais wa nchi akamkabidhi Muyembe uongozi wa vita hivyo, naye mzee wa miaka 77.

Wakati huohuo dawa nne zilikuwa zikijaribiwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Majaribio hayo yalipewa jina kwa Kiswahili chetu, Pamoja Tulinde Maisha. Yalianza Novemba 2018, wakaingia wagonjwa 681, nayo yakasimamishwa Agosti 2019 kabla ya wakati wake, kwa sababu matokeo yalikwisha kuonekana na haikufaa kuendelea kuwapa wagonjwa dawa dhaifu. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa mAb114 walikufa 35, na dawa ya pili yenye kingamwili ilikaribiana nayo. Zile mbili nyingine ziliwaacha wafe karibu 50 au zaidi. Na wale waliopewa mAb114 virusi vikiwa bado vichache katika damu yao, walikufa kama 10 tu kati ya 100. Desemba 2020 serikali ya Marekani ikaikubali dawa hiyo rasmi. Muuguzi wetu alikuwa Mangina siku hizo. Anasema kazi iliyowachosha zaidi haikuwa kutia dawa, ilikuwa kuwabembeleza watu waje siku ya kwanza badala ya siku ya tano.

Mlipuko ule uliua watu 2287 kabla haujatangazwa kwisha Juni 2020. Safari hii Muyembe aliamua damu ya wagonjwa isisafirishwe tena nje kama zamani. Itunzwe na kuchunguzwa nchini, na Japani ilikwisha kusaidia kujenga nyumba mpya ya kazi hiyo Kinshasa.

Waliopona nao wana taabu zao, yafaa kuzijua kabla ya kuwashangilia. Wengi huumwa viungo miezi na miaka. Wengine macho huvimba ndani na kuona ukungu. Mara nyingine virusi vimekutwa vimejificha katika jicho. Mara nyingine waganga hudhani ni kinga yenyewe ya mwili, iliyokwisha kuzoea vita, inayoendelea kupiga pasipo adui. Muuguzi alitusimulia juu ya wanawake waliopona wakabaki vituoni kulea watoto wachanga wa wagonjwa, kwa kuwa wao waliweza kuwabeba bila kuogopa kuambukizwa. Nyumbani kwao majirani walikuwa bado hawataki kuwasalimu kwa mkono.

Yule mama wa Lubunga amembatizisha mtoto wake. Kijana wa toleka aliitwa, akaja, akasimama nje ya kanisa karibu na baiskeli yake mpaka ibada ilipokwisha, ndipo akaja kula nasi. Tukamweleza mambo yetu ya siku ile, na ile homa. Akacheka sana. Akatuuliza kama ni kweli mtu anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, maana yeye walimwambia hivyo naye alikuwa amekwisha kuhesabu.

Tumepanga kuvuka pamoja Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Katika vijana wa parokia tuliwaomba watatu watufuate. Wawili wamekubali, wa tatu amesema atamwuliza mama yake kwanza.